Sauti ya Askari wa Pili

Wateja wangu wa zamani pale Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla, wana mchezo wao. Wakifika dukani, kabla hata ya kuuliza bei ya mabeseni, huinua mikono juu na kusema, "Afande, mimi iko na kitambulisho, usinipige." Halafu wanacheka, na mimi nacheka, kwa sababu mteja anayecheka hununua. Lakini kuna siku mchezo huo hunichosha, nikatamani kumrushia mtu beseni. Afande wanayemsema ni baba yangu, na baba yangu hakuwahi kuwa askari hata siku moja.

Alikuwa mwigizaji. Si wale ambao sura zao zinabandikwa kwenye mabango ya barabarani wakitangaza sabuni. Yeye alikuwa wa pembeni. Kila tamthilia ya televisheni iliyohitaji mwanajeshi wa kizuizi cha barabarani, polisi wa zamu, mlinzi wa benki au mtu wa kuvunja mlango kwa teke, walimwita. Sababu ilikuwa Kiswahili chake. Hapa Kampala mtu akizungumza Luganda kwenye televisheni ni jirani, akizungumza Kiingereza ni bosi, na akizungumza Kiswahili, watazamaji wanaanza kuangalia mlango uko wapi. Wazazi wao walikisikia kutoka kwa watu wenye bunduki, katika miaka mibaya, na hofu ile ikarithiwa pamoja na vyombo vya nyumbani.

Kwetu mambo yalikuwa mengine. Baba alizaliwa kambini, mjukuu wa wale wanajeshi wa Kisudani walioletwa na wakoloni, Mwislamu. Mama ni Mwacholi, Mkristo, binti wa polisi. Hawakuwa na lugha nyingine ya kukutana. Kwa Kiswahili walitongozana, wakagombana, wakatulea. Nilipokuwa mdogo sikuelewa kabisa kwa nini watu waiogope lugha ambayo kwayo mimi niliitiwa chakula.

Kazi yake halisi ilikuwa ushonaji. Alikuwa na cherehani kwenye kibaraza karibu na kambi, akipunguza suruali za askari waliokonda na kuachia mishono ya waliopandishwa cheo. Siku moja watu wa tamthilia wakamletea kazi ya ajabu: walitaka magwanda ambayo yakionekana kwenye televisheni mtu aseme "jeshi", lakini yasiwe ya jeshi lolote, maana sheria hairuhusu raia kuvaa sare ya kweli. Baba akazunguka Kikuubo nzima, akapata kitambaa cha kijani kibichi chenye madoa ya hudhurungi, kitambaa cha mapazia kwa kweli. Akashona. Wakati wa kupima, mwigizaji waliyemtegemea hakutokea. Baba akavaa mwenyewe ili waone yanavyokaa, na kwa utani akamgeukia kijana wa kubeba taa, "Wewe. Unakwenda wapi? Leta kitambulisho." Yule kijana akaingiza mkono mfukoni, akakitoa kweli. Basi, kazi ikapatikana.

Tangu hapo hakutoka ndani ya lile pazia. Kwenye karatasi za waandishi hakuwa na jina. Aliandikwa Askari wa Kwanza, au Askari wa Pili, na mara chache Kamanda. Alikuwa na maneno machache: simama, kaa chini, fungua buti, peleka huyu. Aliyasema vizuri mno. Alikuwa na namna ya kunyamaza kidogo kabla ya neno la mwisho, na katika kunyamaza huko watu sebuleni walikuwa wanameza mate. Nyumbani, mwanamume huyo huyo alishindwa kuchinja kuku. Mama, ambaye ni mkali na hana habari na damu, hakuweza kuchinja kwa sababu ni Mkristo, Baba asingekula. Kwa hiyo kila sikukuu Baba alibeba kuku mzima kwapani hadi kwa jirani mwenzake wa msikitini, akamkabidhi, kisha akaenda kusimama nyuma ya nyumba mpaka mambo yaishe. Jirani yule alikuwa haachi kumcheka, "Afande, umewauwa watu wote wa Uganda kwa TV, kuku inakushinda?"

Mwanzoni alifurahia umaarufu ule. Walinzi wa benki walimpigia saluti. Waendesha bodaboda walimwita mkubwa. Lakini miaka ilivyokwenda, mambo yakageuka kidogo kidogo. Akiingia dukani Kamwokya kuomba uzi, muuzaji alikuwa anamhudumia haraka mno, bila kumtazama usoni. Akisalimia watoto wa watu, walijificha nyuma ya gauni za mama zao. Siku moja alirudi nyumbani akakaa kwenye kiti chake bila kuvua viatu.

"Hii sura yangu iko na makosa gani?" akamwuliza Mama.

"Sura iko mzuri," Mama akasema. "Ni kazi ndiyo iko mbaya. Kula kwanza."

Ndipo akaanza kuwaambia waongozaji wa tamthilia kwamba anataka nafasi moja tu. Asipewe bunduki. Apewe mtu mwenye nyumba, mwenye watoto, asimame mbele ya kamera aseme maneno marefu, na watu wamsikilize bila kuogopa. "Hata mimi nife kwa kitanda," alisema, "na watu wanalia. Sio kufa kwa barabara." Kila mwongozaji alimjibu kwamba wazo ni zuri sana, Mzee, tutaona. Halafu wiki ifuatayo walimpigia simu aje kuvunja mlango.

Nami nilikuwa na yangu moyoni, na lazima niyaseme hapa maana bila hayo mwisho wa habari hii hauna maana. Nilipokuwa msichana nilikwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani, kama walivyokwenda wenzangu wengi. Siku ya kuondoka, pale uwanja wa ndege Entebbe, Mama alilia, shangazi zangu waliomba, kila mtu alikuwa na neno lake. Baba hakusema kitu. Aliona kola ya koti langu imeachia mshono, akatoa sindano na uzi kwenye kofia yake, huko ndiko alikokuwa anazichomeka, akanishonea nikiwa nimesimama hivyo hivyo na begi mkononi. Akakata uzi kwa meno. Akaondoka akaenda kusimama mbali, kama alivyofanya kila kuku wetu alipochinjwa. Nilikaa kule miaka, na katika nyumba ile ya watu kulikuwa na siku ambazo ningetoa chochote nipate sentensi moja ya baba yangu ya kushika. Sikuwa nayo. Nilikuwa na kola. Niliporudi, na baadaye nilipofungua duka, niliendelea kumkasirikia kimya kimya: mtu huyu ana maneno kwa Uganda nzima, mimi mwanawe nikakosa hata moja.

Halafu, uzeeni mwake, nafasi ikaja. Mwongozaji alikuwa mwanamke kijana wa Kampala hapa hapa, aliyekua akimtazama Baba kwenye televisheni na kujificha nyuma ya kochi. Alikuja nyumbani kwangu Kyebando, ambako wazazi wangu walikuwa wamehamia, amebeba sukari na mkate kama mgeni mwenye adabu. Alikuwa na tamthilia mpya. Ndani yake kuna baba mmoja ambaye binti yake anasafiri kwenda kufanya kazi Uarabuni, na baba huyo anamsindikiza mpaka kwenye geti na kumpa wosia. "Mzee, nakutaka wewe," akasema. "Na usiseme Luganda. Sema Kiswahili chako. Baba wa namna hiyo pia wapo mujini."

Baba alivua kofia yake. Akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia mkate.

Alifanya mazoezi kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kufanya kwa chochote. Mimi nilimsomea maneno ya binti, jioni, nikitoka Kikuubo na miguu imenivimba. Yeye alikuwa na hotuba moja ndefu, na niliijua yote kwa kichwa hata kabla yake: "Nenda salama, mwanangu. Ufanye kazi kwa bidii, uwaheshimu waajiri wako. Usisahau ulikotoka. Ukifanikiwa, utukumbuke." Maneno ya karatasi, mazuri, hayana kasoro, ungeweza kuyakuta kwenye kalenda. Kila akifika kwenye "uwaheshimu waajiri wako" nilikuwa nageuka nisafishe koo. Aliniona, akaanza tena mwanzo. Kanzu ya kuvalia alijishonea mwenyewe, kitambaa cheupe, na safari hii hakikuwa cha pazia.

Walipiga picha Kamwokya, kwenye uchochoro nyuma ya soko, nami nilifunga duka nikaenda kutazama. Muziki ulikuwa unatoka kila upande, wakalazimika kuwaomba wenye maduka wapunguze, mmoja baada ya mwingine. Baba akasimama kwenye geti la bati. Akasema hotuba yake. Akanyamaza kidogo kabla ya neno la mwisho, kama alivyozoea, lakini safari hii katika ule ukimya hakuna aliyeogopa. Wanawake wa nyanya walikuwa wameacha kuuza, na mmoja alisema taratibu, kwa huruma, "Bambi, mzee." Mwongozaji akaja kumshika mikono yote miwili. Njiani kurudi Baba alikuwa akizungumza na dereva, akizungumza na kondakta, hakumaliza. Nilikuwa sijamwona akiwa na furaha namna ile, na nilijiambia kwamba hata kama sikupata maneno yangu, angalau yeye amepata yake.

Akawaalika watu wote mapema. Jirani wa kuku, ndugu wa Mama, mafundi wenzake. Aliwaambia ni Jumapili gani na saa ngapi.

Wiki moja kabla, mwongozaji akarudi. Sukari na mkate tena, lakini safari hii hakuviweka mezani, alibaki navyo mapajani. Akaeleza. Walikuwa wamewaita watu wachache waitazame tamthilia kabla haijarushwa, ndivyo wanavyofanya, ili wajue kama watu wataipenda. Ilipofika pale kwenye geti, Baba alipofungua mdomo na Kiswahili kikatoka, ukumbi wote ulicheka. Si kwa ubaya, alisema. Walidhani ni mzaha. Walikuwa wanangoja achomoe bunduki chini ya kanzu. Alijaribu kuwaonyesha kundi jingine, nao wakacheka pale pale. Wakubwa wa kituo wakaamua. Uso wa Baba utabaki, lakini sauti wameweka nyingine, ya Luganda, ya mtangazaji wa redio.

"Mzee, tulijaribu," alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka na sikumwonea huruma hata kidogo. Nilimwambia kwamba wamekula mwili wa baba yangu miaka yote na sasa wanataka kumtupia mifupa. Mama alisema mambo kwa Kiacholi ambayo namshukuru Mungu yule mwongozaji hakuyaelewa.

Baba aliuliza swali moja tu. "Huyo wa redio, yeye iko na watoto?"

"Bado, Mzee. Ni kijana."

"Kale," Baba akasema, yaani sawa. Akasimama akaenda kwenye cherehani.

Nilimsihi awaambie wageni wasije. Akakataa. Alisema mtu akishaita watu hawezi kuwarudisha, na nyama imeshalipiwa. Basi Jumapili ile alasiri sebule yangu ikajaa mpaka watu wakakaa kwenye mikono ya makochi. Baba alivaa ile kanzu nyeupe. Tulikula, tukanywa chai, tamthilia ikaanza. Mimi nilikuwa mlangoni na simu mkononi, namjibu mteja mmoja wa Arua kuhusu ndoo zenye mifuniko, kwa sababu sikutaka kutazama.

Geti la bati likatokea. Baba akatokea. Akafungua mdomo, na ikatoka sauti laini ya kijana, Luganda safi, sauti ya mtu anayetangaza salamu za asubuhi. Jirani wa kuku, ambaye hakuwa anajua lolote, akapiga paja. "Afande, kumbe wewe unajua Luganda namna hii."

"Zima sauti," Baba akasema.

Hakuna aliyesogea. Akarudia, kwa ile sauti yake ya kazini, "Zima." Mama akachukua rimoti akazima sauti. Kwenye kioo midomo ya Baba ilikuwa inaendelea kwenda, na Baba, kwenye kiti chake, akaanza kuiwekea sauti mwenyewe, kama wale watafsiri wa vibanda vya video wanaozungumza juu ya filamu za kigeni. Nilidhani atasema maneno ya karatasi. Nilikuwa tayari hata kuyasema pamoja naye.

"Wewe unakwenda," alisema. "Mimi hapana jua maneno. Watu wote wanasema, mimi nashona. Nilishona kwa sababu mikono ilikuwa inatetemeka, sikutaka wewe uone. Sasa sikia. Kama watu wa huko wanakutesa, acha kazi. Acha hata nguo, acha hata pesa, rudi. Hapa kwetu hakuna mtu atakuuliza umeleta nini."

Hakunitazama hata mara moja. Alikuwa anaitazama televisheni, yule msichana mwigizaji na begi lake. Kisha akasema kitu kingine, sentensi fupi ya mwisho, lakini jirani wa kuku alikuwa ameshaanza kupiga makofi, na wenzake wakamfuata, na sikuisikia. Tamthilia ilikuwa imeshahamia kwa watu wengine. Baba akaomba chai.

Nilitaka kwenda kumwambia kwamba nimesikia. Watu walikuwa wengi, vyombo vilikuwa vya kuosha. Nikajiambia kesho. Kesho yake alikuwa na suruali za watu, na mimi nikawahi lori la mabeseni, na ndivyo tulivyoishi, sote wawili tukijua na hakuna anayegusa. Kabla ya mwaka kwisha moyo wake ulisimama, kwenye kitanda kama alivyotaka, na watu walilia. Kwenye mazishi nilisikia watu wakisema Afande amekwenda. Sikuwa na nguvu ya kumsahihisha mtu.

Sebule ile ilikuwa imejaa simu. Kila mtu alikuwa nayo, mimi yangu ilikuwa mkononi, inawaka, naandika habari ya mifuniko. Tunarekodi harusi, tunarekodi mvua, tunarekodi watu wanaogombana barabarani. Hakuna aliyerekodi. Nimewauliza wote, hata wa mbali, nimewapigia simu mmoja mmoja mpaka wakaanza kunionea huruma. Nilimwuliza mwongozaji pia kama walihifadhi sauti ya Kamwokya. Alitafuta, akasema wameifuta, akaomba radhi tena. Nikamwambia asijali. Hata angeipata, mle ndani kuna "uwaheshimu waajiri wako".

Sasa tamthilia iko mtandaoni. Jumapili nyingine mimi na Mama tunaiweka kwenye simu yangu, tunaisimamisha kwenye bakuli la sukari, tunazima sauti. Mama, aliyekuwa amekaa karibu naye kabisa, anasema ile sentensi ya mwisho anaijua. Anasema Baba alisema, "Mimi nitakungoja kwa geti." Siku nyingine anasema hapana, alisema, "Mimi nilikungoja." Nikimbana achague moja ananikasirikia, anasema yeye ni mzee, na kwani tofauti ni nini.

Mimi tofauti naijua. Kwa hiyo narudisha nyuma. Namsogeza Baba mpaka kwenye ule ukimya wake kabla ya neno la mwisho, nasogeza uso karibu na simu, namtazama midomo. Midomo inafunguka. Inasema, "utukumbuke."